Udongo Uko Wapi?

Mbithe wa Barabara ya Lusaka hamuuzii tairi
mtu aliyekuja mikono mitupu.
"Udongo uko wapi?" atakuuliza,
nawe umesimama na pochi yako
kama mwanafunzi aliyesahau daftari.

Basi wateja wamezoea. Wanaubeba
ndani ya pakiti ya unga, ndani ya gazeti;
mmoja wa Kabete aliuleta kwenye kofia.
Yeye huumwagia chai ya rangi, matone mawili matatu,
huufinya kwa kidole gumba, huunusa.
"Huu mwekundu una adabu. Unashika, unaachia.
Chukua meno ya wastani, usipoteze hela."

Ule mweusi wa Ruai hauchezewi.
Kiangazi una nyufa za kumeza jembe;
inyeshe usiku mmoja tu,
unakuwa ugali uliogoma kutoka mwikoni.
Hapo anataka meno marefu, yaliyoachana,
yateme tope kila mzunguko,
maana tairi isiyotema hujaa,
na iliyojaa ni pipa tu, linazunguka papo hapo.
"Na upepo upunguze," huongeza.
"Tairi iliyojazwa sana ni kama mtu mbishi:
huchimba shimo lake akidhani anakwenda."

Mwenye uwanja wa gofu, kule Karen,
alitolewa tairi pana, vijino vya mtoto,
isiyoacha kovu kwenye nyasi.
Hakupunguziwa hata shilingi.

Jumanne akaingia Nzomo. Mikono mitupu.
"Miaka kumi na minne unaniletea mweusi.
Leo je?"
Nzomo akatazama viatu vyake.
"Lile la juu limekuwa ploti.
La chini walimwaga kokoto mwezi wa tatu.
Siku hizi navuta bauza ya maji,
kisimani hadi kwenye mageti. Lami tupu.
Lakini nipe tu zile za kila mara."

"Zitaisha kama sabuni," alisema Mbithe,
"na zitakutikisa mpaka magego."

Akatoka nje na bisibisi,
akainama kwenye tairi kuukuu nyuma ya pikapu,
akachokoa kati ya jino na jino
mpaka likadondoka bonge kavu, jeusi,
lenye mzizi wa muhindi ndani yake, mweupe bado.
Akaliweka mezani juu ya kitabu cha risiti.
Hakulimwagia chai.

Kisha akavingirisha zile za barabarani,
meno mapana yaliyobanana, mpira mzito,
akaandika bei, akapiga mhuri.
Nzomo akahesabu noti mara mbili.
"Hilo bonge nitaondoka nalo," alisema.

Mbithe akatafuta chini ya meza,
akampa pakiti ya unga, tupu.

"Upepo nijaze kiasi gani?"

"Jaza," alisema. "Jaza kabisa.
Lami haizami."