Asilimia za Usiku

Saa nne usiku niliilaza mezani, kifudifudi,
ina asilimia themanini na nne.
Sikupiga, sikupigiwa,
hata tochi sikuwasha kwenda msalani.
Alfajiri, jogoo wa Mama Bhoke hajamaliza kuwika,
naigeuza: thelathini na tisa.

Nani ameinywa?

Nyumba yetu hapa Bugarika imeegemea jiwe,
jiwe kubwa kuliko nyumba. Ukuta wa jikoni ni lenyewe,
na mvua ikinyesha linatoka jasho.
Mimi ni mshonaji, chaki hainipungukii.
Nikaandika juu ya jiwe, usawa wa masufuria:
Jumatatu, 84, 39.
Jumanne, 91, 44.
Jumatano nikaizima kabisa: 77, 76.
Basi betri haijazeeka.
Kuna kitu kinakesha humo ndani.

Nkwimba jirani akasema ni jiwe.
“Mnara uko ng'ambo ya kilima, shoga,
simu inautafuta usiku kucha,
inagonga kama mtu aliyefungiwa nje.”
Nikaihamishia dirishani, upande wa ziwa,
mistari ya mtandao ikasimama yote minne.
Alhamisi, 88, 51.
Afadhali. Lakini mdomo bado upo.

Minza, binti yangu, akazima bluetooth,
akapunguza mwanga, akaipaka uso mweusi,
akafuta mchezo wake mwenyewe, huku amenuna.
Ijumaa, 90, 55.

Jumamosi nikateremka Makoroboi
kwa fundi Lubango, kibanda chake upana wa kitenge,
bisibisi nyembamba kuliko sindano zangu.
Nikamsomea hesabu, nimezinakili kiganjani.
Akacheka. “Wengi huniletea kilio, mama.
Namba hawaleti.”

Hakufungua hata skrubu moja.
Mipangilio. Betri. Matumizi.
Akateremsha kidole polepole
kama mtu anayetafuta jina la mwanawe
kwenye orodha ya waliofaulu.

“Huyu hapa.”

Programu moja, alama yake sarafu inayotabasamu.
Sijaifungua wiki ya tatu hii,
na bado arobaini na moja kwa mia ni yake.
Kila baada ya dakika chache inauliza mahali nilipo.
Inasoma majina ya watu wangu, mmoja mmoja,
mpaka la shangazi aliyefariki, ambalo sijalifuta.

“Hii ni ya mkopo, mama?”

Nyuma yangu mtu alikohoa, anasubiri kioo.
Nikatazama mafuta ya cherehani kwenye kucha zangu.
Laki mbili, kwa overloki iliyotumika,
kwa ajili ya sare za shule ambazo hazikuja,
tenda ikaenda kwa shemeji wa mtu.
Laki mbili ikazaa arobaini juu yake.
Nikaacha kuifungua. Nilidhani
usipoifungua, imefungwa.

Lubango akashusha sauti.
“Naifuta. Simu itapona leo hii.
Lakini deni, mama, halikai kwenye simu.”
Pesa yangu akaikataa,
akatoa suruali chini ya meza, nimkatie urefu.

Jumapili, 86, 83.
Niliiandika kubwa, Minza akapiga makofi.
Simu imelala kama mtoto aliyeshiba.

Ila mimi, saa tisa ya usiku,
sijainua kitu, sijabeba kitu,
mikono juu ya shuka, kimya,
naisikia ikishuka, moja, na nyingine.
Namna gani mtu huingia mipangilio yake?
Nikahesabu majina wanayoyajua:
Nkwimba, kaka yangu wa Sengerema, mwalimu wa Minza.
Nani atapigiwa kwanza?

Jumatatu nikashona mashuka ya gesti moja Kirumba,
nikalipa elfu tano.
Chini ya hesabu ya betri nikaanza nyingine:
240. 235.

Jioni mvua ikaja kutoka ziwani,
jiwe likatoka jasho,
tatu ya mia mbili thelathini na tano
ikaanza kuteremka kuelekea masufuria.
Chaki ninayo.
Ikikauka nitaiandika tena.