Spika za Nyuma

Fedha ilikuwa ya dari.
Hilo tulilikubali kwanza, mimi na Sechelela,
tuliposhuka Majengo na bahasha ya kikoba,
vumbi la Agosti likitutangulia dukani.

Chilewa, muuza spika, hakutuuliza tuna ngapi.
Alitukalisha katikati, viti viwili vya plastiki,
akarudishia mlango, akabonyeza rimoti:
helikopta ikaingia dirishani, ikapita utosini,
ikatua nyuma ya shingo yangu.
Niligeuka. Nakiri, niligeuka,
nikaiona kalenda ya mwaka juzi.

"Hizi ndogo ni za kutundika ukutani,
hazili nafasi, hata mgeni hazioni.
Hizi ndefu ni za mbele, zinasimama kama askari wa lango.
Mbao tupu hiyo. Gonga usikie."
Nikagonga. Sikujua nasikiliza nini.
Nikatikisa kichwa kama yule mtu wa mnada wa Msalato
anayemfungua beberu mdomo kuhesabu meno
na hesabu yenyewe haijui.

Sechelela hakugonga kitu.
Alitoa simu kwenye mkoba, kioo chake kina ufa.
"Weka hii."

Ilikuwa muheme, Mvumi, harusi ya mdogo wake:
wanawake na ngoma mapajani,
njuga, vigelegele, mtoto analia mahali,
na mama yake, tuliyemzika mwezi wa tatu,
akiitikia kwa ile sauti yake ya pembeni
isiyowafuata wenzake wala kuwaacha.

Mbele pakajaa. Nyuma, kimya.
Chilewa akachomoa waya, akaupuliza, akachomeka.
"Tatizo si spika, mama. Simu ina sikio moja.
Walioingia wote wamepitia mlango mmoja.
Ngoja niwasambaze."
Akabonyeza; wanawake wakawa kila kona,
wepesi, kama uji ulioongezwa maji mgeni alipobisha hodi.

"Warudishe," akasema Sechelela.
"Simu niliishika mimi.
Wote walikuwa mbele yangu, isipokuwa mama.
Mama alisimama nyuma, hapa,
mkono wake begani kwangu."

Hapo Chilewa hakuwa na kitufe.
Alitazama rimoti, akaiweka juu ya kaunta.
Kisha akaja, akamwomba ainuke,
akakigeuza kiti
mpaka zile ndefu zikawa mgongoni kwake
na usoni ukuta tu, na ndoano ya kofia.
Akaanza tena, kwa sauti ya chini.

Sechelela alifumba macho.
Mimi nilihesabu misumari ya mlangoni.
Ilikuwa kumi na minne; nilirudia, ikawa kumi na mitano.

"Hizi," akasema.
"Hizo za mbele, mama. Za nyuma ni zile ndogo."
"Kwangu zitakaa nyuma."

Fundi aliyekuja Nzuguni kufunga waya alicheka,
akatufundisha: kimo cha sikio, umbali wa kochi,
sabufa pembeni, isigusane na ukuta.
Alipofika kwenye zile ndefu akaniangalia mimi,
mwanamume mwenzake, nimwokoe.
Nikamwambia, kaka, ziweke anapotaka.
Kwa hiyo kwetu watu wa kwenye filamu huongea kwa visauti vya kuku
na mlango unaofungwa nyuma yao unatikisa vikombe.
Wageni hushtuka. Tumezoea.

Januari mvua ilikuja saa mbili usiku,
katikati ya filamu, mpelelezi anakaribia kumtaja muuaji.
Bati likaanza taratibu, kama mtu anapepeta,
halafu likamwagiwa gunia zima.
Niliongeza sauti, mvua ikaongeza.
Niliongeza tena. Mpelelezi akapanua mdomo,
muuaji hatujamjua hadi leo.

"Ndiyo dari hiyo," nikapiga kelele.
"Nini?"
"Nasema, dari!"
Sechelela akaweka kiganja nyuma ya sikio,
akacheka, akazima kila kitu,
akakigeuza kiti chake kikatazama mlango,
tukahesabu ndoo zilizoko nje bila mifuniko.