Sharti la Mfuko

Vifungo vya pembe vimekuwa plastiki,
bitana imeondolewa,
pindo limepunguzwa vidole viwili.
Nyanzala alikubali yote mbele ya mwenye duka,
pale Tabora, mtaa wa nyuma ya stesheni.
Kwenye mfuko ndipo alipogoma:
"Mkono uzame hadi kifundo.
Mkiutoa, toeni na jina langu."

Sasa gauni lile la harusi za wakubwa
linaning'inia kwenye henga, elfu kumi na nane,
na Mama Kashindye, muuza karanga,
amelivaa Jumatatu, siku ya kazi.

Lebo inamwasha shingoni. Hataki ikatwe.

Treni ya Kigoma inapiga honi;
anakimbilia dirishani, anapokea noti,
anatumbukiza mkono ubavuni bila kutazama.
Chenji ipo.