Siku Mbili Tatu

Pale Isyonje, njia inapopinda kuelekea Kitulo,
mama alipanga viazi kwa mafungu juu ya kiroba.
"Fungu moja viazi vingapi?" akauliza mteja wa Dar,
koti jipya, pua inachuruzika.
"Vya kutosha."
"Vya kumtosha nani?"
Mama akamwongezea kimoja. Yakaisha.

Hesabu hii sikufundishwa na mtu,
niliiokota
kama tunavyookota viazi vilivyosahauliwa na jembe:
kwamba chumvi kidogo ni ncha za vidole vitatu,
lakini nisubiri kidogo ni mpaka ugali upoe;
kwamba mvua kidogo ya Machi huondoka na daraja,
na "nimechoka kidogo", akiitamka bibi Subilaga,
ni kukimbilia zahanati usiku huohuo, bila viatu.
"Baadhi yenu," alisema mwenyekiti mkutanoni,
na sote tukageuka kumtazama Mwashiuya.

Gunia ni gunia, walisema watu wa halmashauri,
wakaning'iniza mizani yao getini.
Lakini gunia la lumbesa lina kichwa,
kimefungwa kamba kama mgonjwa wa jino,
na kichwa kile hakijawahi kuandikwa kwenye risiti.

Baba alisema, "Siku mbili tatu."
Ilikuwa Juni. Sakitu ilikuwa imebabua shamba zima,
majani meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto.
Chunya, alisema, dhahabu ipo, si haba.
Akaondoka na sweta la kijani na nusu ya mkate.

Mbili tatu si tano. Nilijaribu.
Si sita. Si ishirini na tatu,
ingawa siku ya ishirini na tatu nilikaa barabarani
mpaka lori la mwisho la maziwa likapita.
Nilimpelekea mwalimu Anyosisye swali langu
akasema mbili ni mbili, tatu ni tatu, chagua moja.
Sikuchagua.

Wakimuuliza mama, "Ana muda gani tangu aende?"
hujibu, "Kitambo,"
neno lenye mlango wa mbele na wa uani:
wewe unaingia kwa huku,
yeye keshatokea kwa kule, anapalilia.

Sasa mimi ndiye ninayepanga mafungu.
Mikono yangu haihesabu, inajua;
nikiweka kimoja zaidi, fungu linakuwa wema,
nikitoa kimoja, linakuwa wizi,
na katikati ya hapo ndipo tunapoishi.

Jana jioni simu iliita, namba ngeni.
Upepo mwingi, halafu sauti, nzito kiasi:
"Ni mimi. Nakuja. Nimebakiza vitu vichache tu."
Nikamwambia mama alivyosema, neno kwa neno.
Hakuuliza vingapi.
Alifunua sufuria, akaitazama,
akaongeza maji,
si mengi.