Maji Yasiyomwagwa

Usiku kucha mvua ilikuwa imeipiga Port Reitz,
mvua ya Mei, isiyobisha hodi,
na asubuhi ndege ilisimama nje ya banda
mabawa yanang'aa kama sahani zilizooshwa.

Kazi yangu ni ndogo, inaenea kiganjani:
kikombe cha plastiki chini ya bawa,
bonyeza, mafuta yatiririke, inua kwenye mwanga.
Petroli ya ndege ni samawati.
Maji hayana rangi. Hukaa chini,
duara moja tulivu, kama jicho la samaki.
Ukiyaona unamwaga, unarudia mpaka yaishe.
Basi. Hata mtoto angeweza.

Bawa la kushoto nilichuja.
Kisha simu: mhasibu wa shule ya binti yangu,
nusu ya karo, na mimi naizunguka pua ya ndege
nikihesabu shilingi nisizokuwa nazo.
Nilipomaliza kuomba nilikuwa upande wa pili,
kikombe kimo mfukoni,
na mkono ukaamini kwamba umeshafanya kazi.

Rubani Nyevu Dzombo akauliza, "Tayari?"
Nikainua dole gumba.
Dole hili.

Abiria alikuwa mmoja, Chivatsi Ngowa, karani wa mahakama,
na masanduku mawili ya majalada ya kwenda Lamu.
Alinisalimu kwa jina. Sijui alilisoma wapi.

Nilisikia kabla ya kuona.
Injini haikulipuka. Ilikohoa mara mbili
kama mtu anayetaka kusema neno kikaoni,
kisha akaghairi.
Futi mia nne juu ya Miritini.
Nyuma yake lami yote ile, tupu, ikimwita,
na wanaoigeukia bila injini
huanguka kama koti lililotoka msumarini.
Nyevu hakugeuka.
Alipita juu ya mabati, juu ya malori, juu ya reli,
anashuka, anashuka,
anatafuta mahali pasipo na mtu,
na mikoko ya Jomvu ikamdaka kwa makucha.

Aliyefika kwanza ni Bi Mwanamkasi,
alikuwa akichokoa kaa, matope mapajani.
Alimfunga Nyevu mguu kwa leso yake.
Chivatsi alimwita mara tatu,
kisha akamfuta uso, akanyamaza naye.
Karatasi zilielea katikati ya mizizi:
kesi za mashamba, kesi za talaka,
watoto wakaziokota, wakazianika juu ya ua wa makuti
wakizibana kwa mawe, moja moja, kwa adabu.

Siku ya nne, hospitali, mguu umening'inizwa:
"Ulichuja yote mawili?"
Nikasema, "Yote."
Akafumba macho.
"Basi ni mimi. Kuna kitu sikukiona."
Nikamrekebishia shuka. Halikuhitaji kurekebishwa.

Ripoti imekuja, kurasa kumi na moja.
*Maji yalipatikana kwenye mafuta.*
Yalipatikana! Lugha yetu ina huruma,
inajua kumficha mtu ndani ya kitenzi.
Na wahenga nao, waliojua kila kitu,
walituachia kwamba maji yakimwagika hayazoleki.
Habari ya maji yasiyomwagwa
hawakusema.

Nilikwenda matangani Kaloleni.
Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mazeras,
yote, kwa mpangilio, simu, karo, bawa la kulia.
Mjane akanikalisha kwenye mkeka,
akanimiminia chai ya rangi kwenye gilasi.
"Kunywa, baba. Umetoka mbali."

Mkono ukaenda wenyewe.
Nikainua gilasi kwenye mwanga,
nikaizungusha, nikatazama kitako chake,
nikakawia.

"Kuna kitu kimeingia?" akauliza.