Saa Ngapi

Panya namba kumi na saba ana gramu ishirini na nne,
uzito wa karanga za kiganja kimoja.
Nimempaka mafuta machoni yasikauke,
nimemvika kikofia cha hewa ya usingizi,
nimemlaza kifudifudi juu ya mrija wa maji ya uvuguvugu,
maana panya aliyelazwa hupoa upesi
na chumba cha sumaku, hapa mlimani Ng'ong'ona,
kina baridi kuliko Julai nzima ya Dodoma.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi
donge la damu liliingia mshipani mwake.
Dogo. Punje ya uwele ingeliita mtoto.
Saa nne na dakika kumi, dawa ya kuyeyusha.
Nimeandika. Nyemo ameshuhudia, ametia sahihi.
Panya wangu wote najua saa zao.

Kisha mashine inagonga,
ko, ko, ko, kama jirani anayepigilia bati,
na kwenye kioo ubongo unafunguka kipande kwa kipande,
kijivu juu ya kijivu,
na upande wa kushoto, weupe.

Aliyekulia Mpunguzi haelezwi mshipa ulioziba.
Analijua korongo: mchanga mtupu miezi minane,
watu wamepiga magoti wakichota kwa kibakuli.
Na anaijua siku maji yanaporudi kutoka juu,
mekundu, yana pupa,
yamebeba ukingo na mbuzi na kipande cha daraja.
Ndivyo alivyokufa namba ishirini na mbili.
Tulimpa dawa baada ya saa tano.
Donge liliyeyuka vizuri kabisa.
Damu ikarudi nyumbani, ikakuta kuta zimeoza.
"Ukingo umekatika," Nyemo akasema,
akazima kioo, akaenda kunywa chai.

Baba alianguka katikati ya mizabibu,
mkasi wa kupogolea ungali mkononi.
Walimleta mjini kwa bodaboda,
amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva,
kaka yangu nyuma akimshikilia kichwa.
Daktari wa zamu alimuuliza mama swali moja:
Ilianza saa ngapi?
Mama akaitazama mikono yake.
Kivuli cha banda kilikuwa kimefika kwenye pipa, alisema.
Mbuzi walikuwa hawajarudi.
Daktari hakuandika kitu.
Dawa ilikuwamo kwenye jokofu siku ile, chupa mbili.
Hakuna chupa inayopimwa kwa kivuli.

Panya wengi hawachimbi shimo, walisema waliotutangulia.
Labda hawakuwahi kuwahesabu usiku.
Hawa wangu ni arobaini na sita
na wanachimba, mmoja mmoja, wamelala,
kuelekea swali lile lile aliloulizwa mama:
kama picha yenyewe inaweza kutaja saa
pale ambapo hakuna aliyeona.
Jana tisa walisema ndiyo.
Wawili walisema hapana, na nimewaandika pia,
kwa wino ule ule.

Weupe wa kumi na saba ni mdogo kuliko nilivyoogopa.
Nilimtoa, nikamfuta pua,
nikasubiri mpaka sharubu zikatikisika.
Sikumwambia mtu kwamba nilimshukuru.

Jumapili nilimpelekea baba picha moja, nimeichapa kwenye karatasi.
Tangu aanguke amebakiwa na maneno kama thelathini
na mengine yamehama vyumba:
chumvi huiita ndoo,
mimi huniita kwa jina la shangazi.
Aliigeuza karatasi kwa mkono wa kushoto, ulio mzima.
Akaweka kidole juu ya weupe,
akakaa kimya kama anayepapasa funguo mfukoni.

"Kiangazi," akasema.

Kisha akaomba ndoo, mlenda ulikuwa umepooza.