Vifundo vya Hodi

Kondo, sogea. Leo hatupigi mpira.
Leo tunashika tu.

Mama yako alikuja ofisini mwezi wa kwanza,
mtandio umemteleza, macho mekundu:
"Mwalimu, nasikia mwanangu anashika gongo
kila Jumatano baada ya vipindi."
Nikalitoa kabatini, nikaliweka mezani.
Akalinusa kwanza, ndipo akacheka.
Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetufulia jezi.

Sasa tazama unavyolishika.
Umelizamisha kiganjani kama nyundo ya Keko,
umelikaba kama mwizi wa kuku.
Gongo haliibi, Kondo. Halikimbii.
Lilaze kwenye vidole,
pale tonge linapopata umbo
kabla hujalichovya.

Ukibisha mlango, unabisha na nini?
Onyesha.
Ehe, hivyo hivyo, vifundo vya kati.
Vya kulia vipange juu ya vya kushoto,
mstari mmoja, kama ndoo bombani.
Vifundo vya hodi.
Vikipishana, viwiko vinagombana,
gongo linachelewa njiani,
na mpira umeshapita, umeshafika kwa mdakaji,
umeshaulizana hali na glavu yake.

Wiki tatu nasema hayo.
Wiki tatu unaitika, "Ndiyo, ticha,"
na mpira ukirushwa tu
kidole cha mwisho cha kushoto kinasimama hewani
kama cha bibi harusi anayekunywa chai,
kiganja kinazunguka,
mikono miwili inageuka wageni kwenye mpini mmoja.
Nilikuita mbishi.
Nilisema mbele ya wenzako: sikio la kufa.
Wakacheka, nikawaacha wacheke.

Leo nimekushika mwenyewe.
Nimeinama nyuma yako, mikono yangu juu ya yako,
nimebana,
na wewe umevuta pumzi kwa meno.

Lete hapa.

Kucha nyeusi kama mbegu ya papai.
"Ubao, ticha. Wa mninga. Kwa mjomba."
Lini?
"Ile Jumamosi kabla ya mfungo."

Na kila Jumatano umekuja.
Umepanga koni, umebeba helmeti mbili mbili,
umesema ndiyo.

Lori la saruji limepita Barabara ya Chang'ombe,
vumbi likatufunika sote wawili.
Nilikuwa na neno la kukuambia.
Nimelitafuta, nimekohoa.
Nimechana ncha ya leso yangu ya chaki
nikafunga kidole chako na jirani yake,
viwili vifanye kazi ya kimoja.

Panda juu kidogo. Kiache kitako cha gongo kipumue.
Mikono karibu na bega, usiishushe kiunoni,
hapa hatuchoti maji.
Legeza.
Legeza tena, Kondo, umeshika kifaranga cha watu.

Ngwale amerusha.
Kosa.
Amerusha.
Kosa, lakini safari hii nimesikia upepo ukikatika.
Vifundo vimekaa. Sijasema kitu, naogopa kuviamsha.
Amerusha

ko!

Si mbele. Kando, nje ya mstari kabisa,
juu ya ukuta wenye vigae vya chupa,
ndani kwa Bi Shida,
mwenye mbwa, na barua tatu kwa mkuu wa shule.
Uwanja kimya.
Ule ndio mpira uliobaki.

Umelaza gongo chini taratibu, kama mtoto aliyesinzia.
Umevuka. Umesimama mbele ya geti la bluu.
Nakuona kwa mbali unakunja ngumi,
unavitazama vifundo vyako kwanza
kama mtu anayehesabu hela ya wenyewe,
kisha unabisha.

Mbwa amejibu.
Umebisha tena.
Karibu haijaja bado.